Maji Ndani ya Kebo

"Umekata waya ambao hujaununua!" Odilo alisema, akiinua ile ncha niliyoichuna kama mtu anayeonyesha kuku wake aliyegongwa na gari.

"Nimekata urefu wa kidole tu. Na sumaku imenasa. Tazama."

Nilisogeza tena sumaku yangu. Ni ndogo, niliitoa kwenye spika mbovu nikaifunga uzi, na siendi dukani bila hiyo. Ilijigeuza yenyewe, ikaurukia ule waya wa kati, ikaning'inia.

"Shaba hainaswi na sumaku, Odilo. Hiki ni chuma kilichopakwa shaba kwa juu. Na hapa kwenye roli pameandikwa shaba tupu."

"Sijaandika mimi. Imekuja imeandikwa."

"Basi aliyeandika ni mwongo, na wewe ni mjumbe wake."

Mzee Tarsis alikohoa. Alikuwa amekaa juu ya kreti la soda karibu na mlango, kofia magotini. Ni mwenyekiti wa klabu yetu ya redio za ridhaa, fundi mawasiliano mstaafu wa reli, na hapendi kelele. "Mama Peace, punguza. Tumekuja kununua, hatukuja kukamata."

"Wewe umekuja kununua, mzee. Mimi nimekuja kukamata."

Duka la Odilo liko Makambako, hatua chache kutoka njia panda ya Songea. Anauza madishi, spika za harusi, betri za sola na nyaya za kila aina. Sisi tulihitaji kebo ya antena ya ripita yetu, mita thelathini, na konekta mbili za kuunganishia ncha zake. Kwa asiyejua, ripita ni redio iliyokaa juu ya kilima, ambayo husikia sauti ndogo ya redio ya mkononi kutoka bondeni na papo hapo huirudia kwa nguvu ili ifike mbali. Yetu iko kwenye kilima nyuma ya Yakobi. Kebo ndiyo koo lake na ndiyo sikio lake. Kebo ikiwa mbovu, mashine yote ni sanduku tu.

Binti yangu Peace ni muuguzi kwenye zahanati moja ya bondeni, upande wa Makete. Simu hazishiki huko mpaka upande mlima saa nzima. Ana leseni ya redio kama mimi. Akipata dharura anaita, na yeyote kati yetu anayemsikia anapiga simu gari la wagonjwa lije. Mwezi wa tatu mwaka huu, siku ya tatu ya mvua mfululizo, aliita kwa dakika arobaini. Alikuwa na mama mjamzito aliyekuwa anatoka damu. Mzee Tarsis akiwa Makambako na mimi nikiwa Njombe tulisikia mkwaruzo tu, kama viazi vinavyokaangwa. Yule mama alibebwa kwa machela hadi barabarani, akafika hospitali ya Ikonda akiwa hai. Mtoto hakufika.

Peace hakunilaumu. Alitaka tu kujua ilikuwa nini, ili ajue kama anaweza kuitegemea redio tena. Nikamwambia ni kebo aliyotuuzia Odilo miaka miwili iliyopita. Nikalisema kwenye mkutano wa klabu. Nikalisema hewani, kila mwenye redio kuanzia Makambako hadi Makete akisikia.

Sasa ilikuwa Jumamosi ya pili ya Novemba. Mvua ikishaanza, njia ya kilimani inakuwa sabuni, na hakuna mwenye akili anayepanda mnara radi zikitembea. Ama tungetengeneza siku hiyo, ama Peace angeingia msimu mwingine akizungumza na mkwaruzo.

Odilo alilitupa lile roli pembeni, akaingia stoo, akatoka na jingine jeusi, nene, linalong'aa. "Haya. Hii ndiyo ya kisasa. Pima na roho yako."

Nilichuna. Sumaku haikunasa. Mzee Tarsis akatabasamu. Nikaendelea kuchuna. Chini ya wavu wa waya palikuwa na karatasi ya bati laini, kama ile ya ndani ya pakiti ya sigara.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini tena?"

"Hii ni nzuri, lakini si ya ripita. Redio ya kawaida inasema, ikinyamaza ndipo inasikiliza. Ripita inasema na kusikiliza kwa wakati mmoja, kwenye waya huohuo. Hii karatasi ni metali moja, wavu ni metali nyingine. Upepo ukitikisa zinasuguana, na nguvu ikipita hapo unazaliwa mkwaruzo. Ni kama mtu anakunong'oneza kutoka Makete na mwingine anakunjakunja mfuko wa rambo sikioni mwako. Utamsikia yupi?"

"Nani kakuambia hayo?"

"Chuo. Miaka mitatu, diploma. Unataka na cheti?"

Odilo akamgeukia mzee. "Huyu mama hata malaika akimletea maji atayachemsha kwanza."

"Nitayachemsha. Na nitamuuliza kayachota kisima gani."

Mzee Tarsis alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mimi nilikuwa nimeshachukua konekta kutoka kwenye boksi la kioo. Zilikuwa zinang'aa kama bangili za harusi, na hilo halikunipendeza. Nilikwaruza moja kwa ncha ya kisu. Chini ya mng'ao palipaswa kuonekana rangi ya shaba njano. Palionekana kijivu, chuma laini cha bei ya kutupa. Nikawasha kiberiti, nikapitisha moto chini ya plastiki yake ya ndani. Ikalegea kama jibini. Plastiki ya kweli ya konekta haitishwi na kiberiti.

"Sasa unachoma duka," Odilo akasema.

"Nakuonyesha ulichonacho."

 Aliponijibu, hakuwa tena na sauti ya kuuza.

"Sawa, Mama Peace. Vya leo havifai kwa ripita, nakubali. Mimi nafunga madishi, sikusoma ulichosoma. Lakini ule waya wa kwanza, nilioununua kwa mkandarasi aliyebakiza kipande, ulikuwa mzuri. Uliupima hapahapa. Sumaku ilinasa?"

"Haikunasa."

"Wavu ulikuwa mmoja?"

"Mbili, zimebana, hazikuwa na matundu. Na zilipakwa fedha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nilipima ncha. Katikati ya roli sijui uliunganisha nini."

Mzee Tarsis akaacha kucheka. Odilo alinitazama kama nimemtemea mate.

"Miezi minane unanitangaza hewani," akasema. "Mke wangu anaulizwa kanisani kama ni kweli tumeua mtoto wa watu. Sasa tumalize. Twende kilimani, tuushushe, tuukate mbele ya mzee, kipande kwa kipande. Ukiwa mbovu, roli lolote humu dukani ni lenu bure, na mimi mwenyewe nitalipandisha leo. Ukiwa mzima, utasema hewani kama ulivyonisema."

"Nimekubali."

Akaanza kufunga duka. Jumamosi, siku ya mnada, saa nne asubuhi, wateja wakiwa wanapishana nje. Nilitaka hilo liniambie kwamba ana dhamiri safi. Halikuniambia. Mtu anayefunga duka upesi hivyo, nilijiambia, ana mpango.

Tulipanda pikapu ya Mzee Tarsis. Odilo alikaa nyuma na begi la vifaa na lile roli nene la karatasi ya bati. Kwa nini alilibeba kama ana uhakika waya wake ni mzima? Nilimtazama kwenye kioo cha pembeni njia nzima mpaka Njombe. Alikuwa anakula ndizi. Tulipokaribia Yakobi akagonga paa, akaomba tusimame ajisaidie. Alishuka na begi.

"Begi liache," nikamwambia dirishani.

"Lina karatasi zangu za chooni, mama."

"Chukua karatasi. Begi liache."

Akaliacha. "Ninyi Wabena," akasema, "mkialikwa harusi mnahesabu vijiko."

"Na ninyi watu wa Ludewa ndio sababu."

Hata yeye alicheka, akaingia porini. Mimi nilifungua begi. Spana, kamba, tepu nyeusi nzito ya mpira, na konekta moja tu, imefungwa kwenye kitambaa kama jino la dhahabu. Haikuwa inang'aa, ilikuwa na rangi iliyofifia ya fedha. Nikaikwaruza kidogo. Njano. Konekta nzuri kabisa. Kwa nini hakuiweka kwenye boksi la kioo? Nilijua, au nilidhani najua: apande juu, aibadilishe konekta mbovu kimyakimya, ashuke na uso wa malaika.

Tulifika kilimani saa saba. Upande wa Makete mawingu yalikuwa yamekaa mazito, rangi ya masizi. Mzee Tarsis aliingia kibandani akazima ripita. Odilo akaanza kujifunga mkanda wa kupandia.

"Unakwenda wapi?"

"Juu. Au waya unashuka wenyewe?"

"Vua. Napanda mimi."

"Mama Peace," mzee akasema, "una miaka hamsini na mbili."

"Na mnara una ngazi. Nilipanda wakati wa kuufunga, nitapanda leo. Huyu akipanda peke yake, tutakacholetewa chini si kilichokuwa juu."

Odilo alinipa mkanda. Nikachukua begi lake pia, kamba begani, redio yangu ya mkononi kiunoni, nikapanda. Mita ishirini na nne. Upepo ulikuwa wa baridi ile ya hapa kwetu inayopenya hadi kwenye fizi. Nilipita kiungo cha kwanza, cha pili, nikiichunguza kebo kwa vidole njia nzima, nikitafuta uvimbe wa mahali palipounganishwa. Sikuupata. Ganda lilikuwa laini, halina ufa. Nikafika kwenye antena, nikajifunga, nikaishika konekta ya juu.

Tepu iliyoifunga ikavunjika mkononi mwangu kama ganda la kitunguu.

Niliitazama kwa muda. Haikuwa tepu ya redio. Ilikuwa nyeupe, nyembamba, ile tunayofungia miparachichi tukishabebesha, yaani tukishaunganisha kikonyo kwenye mche. Nina kitalu cha miche elfu nne, na tepu hiyo haikosekani kwenye mifuko ya koti langu. Si mimi tu. Nusu ya Njombe imefungwa kwa tepu hiyo: mipini ya majembe, mabomba ya maji yanayovuja, miwani ya shemeji yangu. Siku ile ya kufunga ripita, tepu nzito ya mpira iliishia kwenye konekta ya chini. Sikutaka kushuka kwenda mjini kutafuta nyingine. Niliingiza mkono mfukoni, nikazungusha tepu ya kubebeshea, kutoka chini kwenda juu, nikaivuta ikabana vizuri, nikajisifu. Ilikuwa inabana kuliko ya redio.

Imetengenezwa ioze. Jua likiipiga miezi sita inapasuka yenyewe, ili isilinyonge chipukizi linalonenepa. Shambani hiyo ndiyo sifa yake kuu, na mimi ndiye niliyewafundisha hivyo akina mama wa Kitandililo, kwa mdomo huu.

Nikaifungua konekta. Maji yalitoka. Si mengi, kama kijiko cha chai, yakanitiririka ndani ya mkono wa koti.

"Umeona nini?" Odilo alipaza sauti kutoka chini.

 Mabaki ya tepu yalikuwa yanapeperuka yenyewe, vipande vidogo vyeupe, upepo ukivichukua kuelekea kwenye miti ya misindano. Nusu dakika, na yote yangekuwa yamekwenda. Sikuhitaji hata kusema uongo. Ningekata kebo hapo, ningewarushia kipande cheusi kinachonuka kutu, na kila mtu angeona anachotaka kuona. Mzee Tarsis angesikitika. Odilo, kwa kuwa aliapa mbele ya shahidi, angeshusha waya wote na kupandisha roli lake.

Roli lake la karatasi ya bati.

Hapo ndipo akili iliponirudi. Kebo iliyokuwa mkononi mwangu ilikuwa ndiyo kebo nzuri pekee kati ya Makambako na Makete. Nikiihukumu hii, nampa Peace ile ya kunong'ona na mfuko wa rambo. Angeita kwenye mvua, tungesikia mkwaruzo, na safari hii ningekuwa nimeuchagua mimi, macho makavu, kwa ajili ya jina langu.

"Mama Peace! Umelala?"

Nilichomoa kitambaa kichwani, nikakifunga kwenye konekta na kile kilichobaki cha tepu ili upepo usiichukue. Nikakata kebo kiganja kimoja chini yake, nikaifunga kwenye kamba, nikaishusha yote.

"Mzee atoe miwani aangalie hiyo tepu!" nikapaza sauti. "Ni yangu! Ni ya miparachichi! Odilo, waya wako haujafa wote. Shika kamba, nakata nikishuka. Niambieni wavu wa ndani unapong'aa!"

 Niliwaona wameinama wote wawili juu ya kitambaa changu. Kisha Mzee Tarsis akavua kofia.  Odilo alishika kamba.

Nikaifungua antena, nikamshushia taratibu. Aliipokea kama yai. Ningekuwa mimi ningeiachia angalau itikisike kidogo, nimwage hasira. Yeye hakuitikisa. Nikashuka hatua moja moja, nikikata kipande kila mita moja na kukidondosha.

"Mweusi!" mzee akaita.

Nikashuka, nikakata.

"Mweusi bado!"

Nikakata.

"Kahawia!"

Tone la kwanza la mvua lilinigonga kwenye shingo. Nikashuka hatua nyingine tatu, nikakata.

"Unang'aa!" Hiyo ilikuwa sauti ya Odilo. "Mama, unang'aa kama mpya!"

Nilikuwa nimeshuka mita nne. Antena haikuweza tena kukaa kileleni, kebo isingefika. "Hapa nina kipande cha roli," Odilo akasema. "Tunaweza kuunganisha, ikae palepale juu." Nilifikiri kwa muda wa pumzi moja. Kiungo katikati ya mnara ni mdomo mwingine wa kunywea maji, na waya wa karatasi ni waya wa karatasi hata ukiwa mita nne.

"Hapana. Antena inakaa hapa. Ubavuni, upande unaotazama Makete. Nipandishie!"

Akaipandisha. Nikaikaza kwa mkono wake wa chuma, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye mnara. Kisha nikatoa konekta ya Odilo kwenye kitambaa chake. Ni ya aina ya kukazwa kwa spana, haihitaji moto. Nikaigeuza mara mbili kabla ya kuifunga.

"Ni nzuri hiyo!" akaita. "Nilikuwa nayo moja tu! Nilijua utazikataa za dukani!"

Nikaikaza. Nikafunga tepu ya mpira, ile nzito, tabaka la kwanza, la pili, la tatu, mikono ikifa ganzi. "Washa!"

Mzee Tarsis aliingia kibandani. Kiunoni mwangu redio ikapumua. Hakukuwa na viazi vinavyokaangwa. Kimya safi tu, na juu yake sauti ya mzee akiita jina la zahanati, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Nakupata vizuri, babu," Peace akajibu. Sauti yake ilikuwa chini kidogo kuliko zamani, kwa sababu ya zile mita nne, lakini kila neno lilikuwa zima. "Huku mvua imeshaanza. Mmeweka waya mwingine?"

Mzee alitoka kibandani na kipaza sauti, waya umevutika hadi mwisho, akanitazama juu. Mara sauti nyingine zikaanza kujitaja hewani, moja ya Makambako, mbili za Njombe mjini, watu waliosikia ripita imefufuka. Wote walewale walionisikia mwezi wa tatu.

"Naweza kusema tu ni maji," Mzee Tarsis akaniitia, kwa mdomo, bila kubonyeza. Odilo alikuwa anakunja kamba, amenipa mgongo.

Nikaing'oa redio kiunoni, nikabonyeza.

"Peace, huyu ni mama, niko juu ya mnara. Waya ni uleule wa Odilo. Ulikuwa mzima tangu siku ya kwanza. Maji yaliingia kwenye konekta niliyoifunga mimi, kwa tepu ya kubebeshea miparachichi. Mwezi wa tatu hatukukusikia kwa sababu yangu, si kwa sababu ya Odilo. Na ninyi wote mliopo hewani mmesikia. Narudia."

Nikarudia yote, neno kwa neno, polepole, ili anayeandika aandike.